Mashine Moja Haitoshi

Watu wa bonde la Kilombero si wageni wa elimu ya sayansi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha Ifakara maabara ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 wakaanza watumishi kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya bonde hili, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Sisi wa Michenga twajua kwamba habari za namna hiyo ndizo zinazomwonyesha daktari mahali malaria inapoua watoto.

Zamani habari hizo ziliandikwa katika madaftari. Leo hukaa ndani ya seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu na kuzigawa kwa kompyuta nyingine. Hapo ndipo tunapotaka wanachama na wafanyakazi wafikiri pamoja nasi. Ikiwa kumbukumbu za wagonjwa wa wilaya nzima zimetegemea mashine moja, mashine hiyo ikiungua, mganga wa zahanati atasoma nini?

Dawa yake ipo, wala haiuzwi. Zipo programu huria zinazounganisha seva kadhaa zifanye kazi kama moja. Miongoni mwake ni Corosync na Pacemaker. Corosync hupeleka habari baina ya mashine na kujua ipi ingali hai. Pacemaker huamua ipi ishike kazi, na moja ikinyamaza huihamishia kazi nyingine. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuzipakua, kuzisoma na kuzirekebisha, bila kudaiwa ada. Hata DHIS2, ambayo nchi yetu imeitumia kukusanya takwimu za afya, ni programu huria iliyojengwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo.

Kanuni ya seva hizo haitawashangaza watu waliozoea mikutano. Mkutano usiotimiza akidi haupitishi neno. Vivyo hivyo seva ziwe tatu, na uamuzi uwe wa mbili zinazosikilizana. Ile iliyotengwa na wenzake huacha kazi, au hukatiwa umeme. Zikiwa mbili tu pasipo mpango wa kuamua, siku waya wa kati utakapokatika kila moja itadhani mwenzake amekufa. Zote mbili zitaandika, na kumbukumbu za mgonjwa mmoja zitakuwa za namna mbili.

Lakini wako wanaodhani kwamba kupakua ndiyo kazi yote. Hao wanajidanganya. Programu yafaa ichukuliwe katika hazina rasmi ya mfumo wenyewe, kama vile Debian au Ubuntu, na saini yake ihakikiwe, kwa maana mwizi naye anajua kugawa vya bure. Tena, seva tatu zilizowekwa chumba kimoja na kutegemea waya mmoja wa umeme zitazimika pamoja. Na katika bonde linalojaa maji kila masika, chumba hicho kisiwe bondeni. Zaidi ya hayo, kuunganisha seva hakuondoi haja ya kuweka nakala mahali pengine. Karani akifuta orodha kwa bahati mbaya, itafutika katika seva zote tatu kwa mara moja.

Jambo kubwa kuliko yote ni nani atakayeyajua haya. Programu tumepewa bure, bali maarifa ya kuitunza hayaji pamoja nayo. Pakiletwa fundi wa kukodi kutoka mbali, akaunganisha mitambo usiku mmoja kisha akaondoka na nywila mfukoni, tutakuwa tumepata mali tusiyoweza kuitawala. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo twasema hivi. Kila ofisi ya umma inayotunza kumbukumbu za watu katika bonde hili iwe na wafanyakazi wake wasiopungua wawili waliofunzwa kuziunganisha seva na kuzitengeneza, na wapewe muda wa kujifunza ndani ya saa za kazi. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili na kuwekwa mahali ambapo mrithi wao atayaona. Kila baada ya miezi mitatu, mbele ya mkuu wa kazi, seva moja izimwe makusudi, ionekane kama nyingine zitaipokea kazi yake. Ofisi itakayoogopa jaribio hilo ijue kwamba mitambo yake haijawa tayari, na kazi ya kuitayarisha ianze sasa, kabla mvua hazijatuanzishia jaribio la kwao.