Sahani za Makaburi Zimeingiaje Kabatini?

Ndugu Waislamu, kupenda sahani nzuri si dhambi, wala hatujapata kusema hivyo. Wazee wa Lamu na Pate walizipanga katika zidaka za kuta zao, na mwenye macho hawezi kuzilaumu nakshi za buluu za Jingdezhen, zilizovuka bahari hadi bahari, kisha zikaletwa na kaskazi zikiwa hazina ufa. Kwa sahani hizo mwenye nyumba alimwonesha mgeni kwamba mkono wake unafika mbali. Katika karne ya 19 zikaja za viwanda vya Maastricht, Uholanzi, na mapenzi hayo yakawafikia hata wasio na majumba.

Tunalolikemea ni jingine. Nendeni Kaole au Kunduchi mkatazame makaburi yenye nguzo. Yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, yakapachikwa mabakuli ya China. Leo pengi pamebaki matundu ya mviringo. Baadhi ya vyombo vilivunjika kwa umri, hilo tunalikubali. Vingine viling'olewa na watu waliotaka fedha au kumbukumbu ya safari.

Wapo ndugu zetu wanaotujibu kwamba kupamba makaburi si sunna, basi mng'oaji amesaidia kuondosha bid'a! Subhanallah. Sisi ni wa mwanzo kusema kuwa kujengea makaburi kumekatazwa. Lakini tangu lini wizi ukawa islahi? Mtu huyo hakuigusa nguzo. Aliiacha imesimama, akachukua chenye bei. Kama alikuwa akiondosha munkari, mbona jiwe hakulitaka?

Naye mkusanyaji hujitetea kuwa amenunua dukani, hakuvunja kaburi la mtu. Basi aligeuze bakuli lake. Chombo cha mezani hakina chokaa iliyoganda mgongoni.

Hasara yenyewe ni yetu. Kwa vyombo kama hivi wachimbuzi, akiwemo James Kirkman aliyeanza kazi Gede mwaka 1948, walikadiria umri wa misikiti na makaburi ya pwani. Wanaodai kwamba Uislamu hapa ni mgeni wa karne ya 19 hujibiwa na kuta hizo, zilizokuwapo kabla Mreno hajafika mwaka 1498. Bakuli likishahamia kabatini, halina tena la kujibu.

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Mwenye bakuli la namna hiyo alirejeshe kwa wahusika, wala asituletee msikitini kuwa sadaka.