Usikisie herufi iko wapi, iulize simu

Leo nina neno na wenzangu wanaoandika programu za simu. Hata wewe usiyeandika programu usiondoke, maana linakuhusu pia.

Umewahi kutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti huku ikipaka rangi neno linalotamkwa? Ili rangi ikae mahali pake, lazima programu ijue neno hilo liko wapi kwenye skrini. Sasa wengi hufanyaje? Wanahesabu herufi, wanazidisha kwa upana wa herufi moja, wamemaliza. Kwenye simu ya mwandishi mambo ni sawa. Mimi nasema huo ni uvivu, na anayeumia ni mtumiaji.

Kwa nini hesabu hiyo haisimami? Kwanza, herufi hazilingani. "Ili" na "mwa" zote zina herufi tatu, lakini katika fonti nyingi ya pili ni pana zaidi. Pili, kuna emoji. Bendera ya Kenya wewe unaiona moja, ila Java inaihesabu kuwa nafasi 4. Tatu, Kiswahili chetu kina maneno marefu. "Wanaotutembelea" likikosa nafasi huhamia mstari unaofuata, na yote yaliyo nyuma yake yanasogea.

Nne, na hili ndilo linaloniudhi zaidi: watu hukuza maandishi. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, mtu anaweza kuyakuza hadi asilimia 200. Mzee asiyeona vizuri akikuza, mistari yote inapangwa upya, na rangi yako inaangukia neno lingine. Yaani aliyehitaji msaada kuliko wote ndiye unayempotosha.

Na dawa ipo! Simu yenyewe ndiyo iliyopanga maandishi hayo, basi iulize. Kwenye Android, chukua getLayout ya TextView. Ipe nambari ya herufi: getLineForOffset itakuambia iko mstari gani, getPrimaryHorizontal itakupa umbali wake wa kulala, nazo getLineTop na getLineBottom zitakupa juu na chini. Jumlisha nafasi tupu ya pembeni na ya juu, kisha toa kiasi ambacho maandishi yameskroliwa. Ukitaka mahali kwenye skrini nzima, ongeza jibu la getLocationOnScreen. Ila usiulize mapema: kabla maandishi hayajapangwa, getLayout hurudisha null.

Wanaotumia Compose wana getBoundingBox ndani ya TextLayoutResult. Upande wa iPhone, UITextView ina firstRect. Kama jina lake linavyosema, hiyo hutoa mstatili wa kwanza tu, kwa hiyo maneno yakivuka mstari tumia selectionRects.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo madogo, mteja anataka kazi yake kesho. Sawa, lakini hii ni mistari michache tu ya kodi, na inafanya kazi kwa fonti yoyote na simu yoyote. Ile hesabu ya kukisia utairekebisha kila simu mpya ikitoka.

Kabla hujamkabidhi mteja kazi, ingia kwenye mipangilio ya simu, kuza maandishi hadi mwisho, kisha fungua programu yako. Rangi ikikosea neno, hujamaliza kazi.