Kabla ya kulipa dipoziti, pimeni

Kipindi cha juzi tuliongelea kumbi, na meseji zenu nyingi ziliuliza kitu kimoja: jengo liko tupu, kodi nafuu, sasa shida nini? Kazi yangu ni kupima majengo hapa Twin Cities, kwa hiyo nijibu mimi.

Jengo lina ukubwa, halafu lina matumizi. Lililosajiliwa kama duka halijawa ukumbi kwa sababu tumeleta spika na pilau. Ukibadili matumizi, jiji linataka michoro, na ya majengo ya zamani mara nyingi haipo, au ipo na inadanganya: mlango uliochorwa ulishazibwa kwa matofali. (Zanzibar, Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash ya mwaka 1883 ilianza jumba la sherehe, ikawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Kuta ni zile zile, mzigo ndani si ule ule. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.)

Basi tunaingia na leza na futi kamba. Urefu, upana, unene wa kuta, mlango unafungukia wapi. Tena kona kwa kona, na hiyo wengi huiona mbwembwe. Subirini.

Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinahesabu hivi: viti vitupu, kila mtu futi 7 za mraba, ukiweka meza, 15. Nafasi ya futi 1,500 inabeba watu 214 kwenye mhadhara, ila 100 tu kwenye harusi ya kukaa mezani. Na nyie mnawajua watu wetu, kadi ya wawili wanakuja sita. Wakizidi 49, lazima milango miwili ya kutokea, ifungukie nje, na iachane angalau nusu ya ule urefu wa kona kwa kona. Theluthi kama kuna mabomba ya kuzimia moto darini. Moto ukiwaka mbele, watu wapite nyuma.

Mwaka jana wazee wa chama kimoja Saint Paul walishachanga, wamebakiza kusaini tu. Nikapima. Mlango wa nyuma upo, mzuri, lakini unatokea kwenye kiuwanja cha jirani chenye uzio na kufuli. Kwa hesabu ya jiji, huo si mlango. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, sasa umetusaidia au umetuharibia?" Nikamwonyesha mchoro, nikamwomba aniambie watoto wa madrasa wangepita wapi.

Akakaa kimya, akakunja ile karatasi akaitia mfukoni. Mwenye jengo hakutaka kulipia mlango mwingine. Hawakusaini, na bado wanatafuta. Mwenye fununu ya jengo atuandikie.