Mlinzi wa Gari la Barua

Hadi mwaka 1784, barua nyingi nchini Uingereza zilichukuliwa na wapanda farasi, aghalabu vijana wasio na silaha, ambao wanyang'anyi waliwavizia njiani. John Palmer, mwenye jumba la tamthilia mjini Bath, ndiye aliyeshauri zisafirishwe kwa gari la farasi lenye mlinzi. Wakuu wa Posta walimpinga, lakini waziri mkuu, William Pitt, aliruhusu jaribio. Tarehe 2 Agosti 1784 gari la kwanza liliondoka Bristol saa 10 alasiri, likafika London asubuhi kabla ya saa 2. Safari hiyo awali iliweza kuchukua saa 38.

Farasi na waendeshaji walikuwa wa makandarasi. Mlinzi peke yake ndiye aliyekuwa mtumishi wa Posta. Alivaa koti jekundu, akabeba bunduki fupi na bastola mbili, pamoja na baragumu. Sauti ya baragumu ilipovuma, mlinzi wa lango la ushuru alipaswa kufungua mara moja, kwa kuwa gari la barua halikutozwa kitu. Saa yake ilifungiwa ndani ya kikasha asiweze kuichezea. Na kwa kuwa zamani hizo kila mji ulifuata jua lake, Bristol ikiwa nyuma ya London kwa dakika 10 hivi, saa hizo zilitengenezwa ziende polepole kidogo kuelekea magharibi, na mbio kidogo kuelekea mashariki. Werevu ulioje!

Kwa yote hayo alilipwa shilingi 10 na nusu kwa juma. Riziki yake hasa ilikuwa bakshishi za abiria. Hata hivyo, gari likikwama, sharti barua ziendelee, kwa farasi au kwa miguu. Mwezi Februari 1831, huko Scotland, gari lilinaswa na theluji kupita mji wa Moffat. Mlinzi James McGeorge na mwendeshaji John Goodfellow waliendelea na magunia. Yalikutwa yamefungwa juu ya nguzo kando ya njia, salama. Wao wenyewe walipatikana siku kadhaa baadaye, wamekufa kwa baridi.

Miezi michache kabla ya msiba huo, Novemba 1830, garimoshi lilikuwa limekwisha kuanza kuchukua barua kati ya Liverpool na Manchester. Gari la mwisho la farasi kutoka London, lile la Norwich, lilisimamishwa mwaka 1846.