"ALIYETOKA AMETOKA" SI NENO LA CHAMA

Ndugu Wanachama,

Naandika maneno haya kwa sababu ya neno moja lililosemwa katika mkutano wa tawi letu, nalo halikujibiwa. Mwanachama mmoja aliuliza: Chama kinafanya nini juu ya ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi Arabuni, ambao kwa miaka yote walioko huko hawawekewi hata senti moja ya uzeeni? Kiongozi mmoja akajibu, "Aliyetoka ametoka. Chama ni cha walio kazini." Watu wakacheka, tukaendelea na habari ya sare na viatu.

Mimi sikucheka, kwa maana nami nilitoka. Nilikwenda Qatar mwaka 2017, nikalinda lango miaka 4, nikarudi mwaka 2021, ndipo nikapata kazi hii ya njia ya reli. Mwaka jana nilichukua hesabu yangu ya N.S.S.F. Juu kuna malipo machache ya kibarua cha kwanza. Chini kuna malipo ya reli. Katikati ni peupe, miezi 48 bila neno. Karatasi ile inasema kana kwamba miaka ile nilikuwa nimelala, nami Mungu ajua sikulala, nilikuwa nikikesha.

Basi ningependa kumjibu kiongozi wetu kwa heshima, lakini bila kuficha.

Kwanza tuseme jambo lenyewe lilivyo, kwa kuwa wengi hawalijui. Hazina ya N.S.S.F. iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, mwaka ule ule ilipoundwa COTU. Mfanyakazi hutoa fungu lake, na mwajiri hutoa fungu lililo sawa nalo. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na shilingi 200 za mwajiri kwa mwezi. Sheria mpya ya mwaka 2013 ilishikwa na kesi mahakamani karibu miaka 10, mpaka Februari 2023 Mahakama ya Rufani ilipoifungulia njia. Tangu hapo kila mmoja hutoa 6 kwa 100 ya mshahara, na kikomo kimekuwa kikipanda kila Februari. Februari 2023 kilikuwa shilingi 1,080 kwa kila upande. Februari 2026 kimefika shilingi 6,480.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mimi nilipokuwa Qatar, sheria ya zamani ingeniwekea shilingi 400 kwa mwezi, zangu na za mwajiri. Miezi 48 ni shilingi 19,200, mbali na faida. Ni hasara, lakini ni hasara ya kuvumilika. Tazameni msichana anayetoka sokoni Kabati leo na mkataba wa miaka 2 wa kazi ya nyumbani Saudi Arabia, kwa mshahara wa shilingi 30,000. Kama angelipwa mshahara huo hapa nchini, fungu lake lingekuwa shilingi 1,800 na la mwajiri shilingi 1,800, jumla shilingi 3,600 kwa mwezi. Kwa mkataba mmoja ni shilingi 86,400. Akirudia mikataba hata ikatimia miaka 10, ni shilingi 432,000 zisizowekwa, na faida ya fedha hizo haimo humo. Kila mwezi pengo lake ni mara 9 ya pengo langu. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni la zamani amekosea. Ni leo hasa ndipo limekuwa kubwa.

Je, huko aliko hawamwekei? Hawamwekei. Pensheni za nchi za Ghuba ni za wenyeji. Mgeni hupewa bahashishi ya mwisho wa kazi. Qatar sheria inasema isipungue mshahara wa wiki 3 kwa kila mwaka. Saudi Arabia mtumishi wa nyumbani hupata mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka 4. Mwezi mmoja kwa miaka 4! Fedha hizo huishia kwenye mabati ya mama na karo za wadogo, wala si vibaya, lakini hizo si pensheni.

Pili, ni lazima tuseme kweli juu ya kulipia miaka iliyopita. Watu wengi wamesikia kwamba Uingereza mtu aliyekaa ng'ambo aweza kununua miaka aliyoikosa. Ni kweli. Pensheni yao ya Serikali huhesabiwa kwa miaka: kwa sheria mpya yao, pasipo miaka 10 hupati kitu, na yatakikana 35 kupata yote. Kwa hiyo mwaka una bei, na mtu hulipa bei akajazia pengo. Hata hivyo mlango haukai wazi daima. Bajeti yao ya Novemba 2025 iliamua kufunga bei nafuu ya walioko ng'ambo tangu Aprili 2026. Aliyengoja kesho, kesho ilimkuta nje.

Kwetu Kenya haiko hivyo. N.S.S.F. haiuzi miaka. Ni kama ghala: utakuta ulichotia, na faida inayotangazwa na Wadhamini kila mwaka. Mwaka niliopoteza sitaurudisha. Naweza tu kutia shilingi zaidi leo, nami nafanya hivyo, shilingi 500 kila mwezi juu ya zile za lazima. Sheria inaruhusu mtu kutoa kwa hiari yake. Lakini shilingi niliyoitia leo haitazaa faida ya tangu mwaka 2017. Ndiyo sababu napiga kelele kwa ajili ya wale walioko huko sasa, kwa kuwa wao bado wana nafasi niliyoikosa mimi.

Na nafasi ipo. Mwenye nambari ya N.S.S.F. hazuiwi kuchangia kwa kuwa yuko Riyadh au Doha. Aweza kutoa kwa hiari, na ndugu aliyeko nyumbani aweza kumlipia kwa M-Pesa akitaja nambari ya mwanachama. Kuna na mpango wa Haba Haba, ambao mtu huanzia shilingi 25 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 9,125. Mtu atasema ni kidogo. Ni kidogo kweli, lakini si peupe kama karatasi yangu.

Ajenti aliyenipeleka mimi aliniambia, "N.S.S.F. ni ya watu wa hapa, wewe sasa ni mtu wa nje." Alinidanganya, au hakujua, na matokeo ni mamoja. Wengine huwashauri watu waape kwamba wamehama Kenya kabisa ili wachukue akiba yao waliyo nayo na kulipia safari. Sheria yampa haki hiyo mtu anayehama moja kwa moja, asiyekusudia kurudi. Mtu wa mkataba wa miaka 2 hakuhama. Akila kiapo hicho amesema uongo, na amekula mbegu.

Tatu, najibu neno lenyewe: "Chama ni cha walio kazini." Bwana Kiongozi, je, aliyeko Doha analinda lango saa 12 hayuko kazini? Wakati wa kujenga reli hii, toka mwaka 1896 mpaka 1901, waliletwa watu wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kwa mkataba, na karibu 2,500 wakafa. Walihesabiwa kama mikono, si kama watu wenye uzee mbele yao. Sisi watu wa reli tukisoma habari hiyo tunasikitika. Leo Kenya ndiyo inayotoa mikono kwa mkataba, nasi tunacheka mkutanoni.

Tena tazameni faida yetu wenyewe, ikiwa huruma haitoshi. Reli haipiti Kabati, lakini mishahara ya reli inafika Kabati kila mwisho wa mwezi. Nani anayemlisha mzee asiye na pensheni? Ni mtoto wake aliye na mshahara, yaani wewe na mimi. Dada akirudi na miaka 45, mgongo umeharibika, hana akiba, mzigo wake hauendi kwa mwajiri wake wa Jeddah. Unakuja katika karatasi yako ya mshahara, ingawa haukuandikwa hapo. Na kaka aliyerudi bila kitu atakubali kibarua kwa mshahara wowote, hata nusu ya wako. Tajiri akijua kuna watu kama hao langoni, wewe utadai nyongeza kwa nguvu gani? Uzee usio na akiba ni silaha mkononi mwa mwajiri.

Na Serikali nayo isikilize. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 za Marekani. Kila mwaka husifiwa kwa dola hizo. Sifa ni njema, lakini mfuko usiotoboka ni bora. Kenya imetia sahihi mapatano ya kazi na Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu. Yasiwe mapatano ya tiketi na mshahara tu; uzee nao uwe na kifungu chake.

Msiseme haiwezekani. Ufilipino, nchi yenye watumishi wengi katika nyumba zile zile za Ghuba, sheria yao ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 imewafanya wafanyakazi wao wa ng'ambo wawe wachangiaji wa lazima. Ina kasoro: pasipo mapatano na nchi ya kigeni, mfanyakazi hubeba mafungu yote mawili peke yake. Lakini sheria hiyo hiyo inaitaka Serikali yao itafute mapatano ili mwajiri alipe lake. Wao wameanza. Sisi tumekaa.

Nne, wapo watakaosema, "Hiyo N.S.S.F. fedha zetu zitaliwa." Siwacheki hawa. Twakumbuka ugomvi mkubwa wa mwaka 2014 juu ya mradi wa Tassia, Nairobi, ambao uliwagawanya hata Wadhamini wenyewe. Hofu ina sababu. Lakini dawa ya ghala lenye panya si kuacha kuvuna. Dawa ni kuweka mlinzi, na sisi tuna viti mle: wajumbe wa COTU wamo katika Baraza la Wadhamini, pamoja na wa waajiri na wa Serikali. Anayeogopa kuibiwa na achukue hesabu yake kila mwaka, aisome, na mwezi uliokosekana auulize kwa barua. Mwizi hupenda asiyehesabu.

Wazee wetu Ukambani waliipa njaa moja ya miaka ya 1980 jina la Ni kw'a ngwete, maana yake, nafa nimeshika. Mtu alikuwa na fedha mkononi na chakula hakuna pa kununua. Yusufu kule Misri hakungoja miaka ya njaa ndipo ajenge ghala; alijenga wakati wa shibe. Mshahara wa Arabuni ndiyo shibe yetu. Tutakuja kufa tumeshika nini?

Kwa hiyo naleta mambo manne mbele ya mkutano wa tawi ujao, nami naomba yapigiwe kura:

1. Tawi liwe na kitabu cha waliotoka. Mwanachama anayekwenda ng'ambo aandikwe jina, nambari yake ya N.S.S.F. na tarehe ya mwisho wa mkataba, naye aendelee kuwa mwanachama kwa ada ndogo. Kabla hajaondoka, katibu amwonyeshe namna ya kuchangia kwa hiari.

2. Chama kiitake Wizara ya Kazi iweke katika kila mkataba wa kwenda ng'ambo kifungu cha mwajiri kutoa 6 kwa 100, na ajenti asiyekiweka asipewe kibali.

3. Wajumbe wa COTU katika Baraza la Wadhamini wadai hesabu ya pekee kwa walioko ng'ambo, yenye kutumwa kwa simu kila miezi 3.

4. Kila mmoja wetu aliye na ndugu huko amwandikie juma hili, si mwezi ujao, amwulize: Nambari yako ni ipi? Nani anakulipia?

Hili la nne halina haja ya kura wala ruhusa ya mtu. Mimi nimekwisha anza. Binti wa mama yangu mdogo yuko Riyadh mwaka wa pili sasa. Nilipomwandikia alijibu, "Kaka, sikujua naweza." Sasa kila mwezi hutuma shilingi 1,500 pamoja na zile za nyumbani, nami nalipa kwa nambari yake na kumrudishia ujumbe wa malipo. Fungu la mwajiri halimo, na hilo ndilo la kupigania. Lakini karatasi yake haitakuwa peupe.

Kwa kiongozi wetu nasema hivi: sikuchukii, na viatu tulivyovijadili siku ile twavihitaji kweli. Lakini futa neno lile. Aliyetoka atarudi, tena atarudi mzee, na atabisha hodi mlangoni kwako.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika Chama,
Mfanyakazi wa Njia ya Reli,
Kabati.