Kosa Si la Mashine
Wako ndugu zetu maofisini na mashuleni wanaodai kwamba kompyuta na simu zinawapotosha vijana: kutwa michezo, usiku kucha siasa za mitandaoni. Dawa yao ni moja tu: kupiga marufuku.

Dawa hiyo tumekwisha kuinywa. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu kuvurugika, Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Je, marufuku ilituzalishia mafundi? Hata kidogo! Kosa halikuwa la chuma, bali letu sisi tulionunua chombo bila ya kujipatia elimu yake, tukabaki kuwategemea wataalamu wa kigeni.

Nendeni leo Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kijana mwenye bisibisi anaifungua simu, anaitengeneza, anaifunga. Ujuzi huo hakuupata kwa marufuku.

Na siasa? Mwaka 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini, maneno hayakufungika. Uongo hujibiwa kwa ukweli, na mwenye hoja haogopi kuulizwa. Ndugu mwalimu, usimnyang'anye mwanafunzi chombo, mfundishe kukitawala. Nawe mtumishi wa umma, mjibu mwananchi.