Nyayo za Ng'ombe na Damu ya Binti



Wapendwa Taifa la Mungu, wiki hii nawaalika tufungue Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, aya tisa za mwanzo. Maiti imekutwa porini na muuaji hajulikani. Torati hairuhusu watu wazike na kurudi mashambani. Inaamuru wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka maiti ilipolala hadi kila mji wa jirani. Mji ulio karibu zaidi ndio wenye deni. Wazee wake watamchukua mtamba asiyewahi kufungwa nira, watamvunja shingo bondeni penye maji, watanawa mikono, na kutamka mbele za Mungu kwamba damu ile hawakuimwaga, wala macho yao hayakuona.

Tamko hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza wengi wetu twaweza kuitamka bila kutetemeka. Ya pili ndiyo inayotufunga mdomo.

Tutazame Nanyuki, nchini Kenya. Usiku wa tarehe 31 Machi 2012, Agnes Wanjiru, binti wa miaka 21 mwenye mtoto mchanga, alitoweka baada ya kuonekana hotelini pamoja na askari wa Kiingereza waliokuwa mazoezini. Mwezi Juni mwili wake ulikutwa katika shimo la maji taka la hoteli hiyo, ukiwa na majeraha ya kisu. Mwaka 2019 hakimu Njeri Thuku, baada ya uchunguzi wa kifo, alitamka kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza, mmoja au wawili. Mwaka 2021 gazeti la The Sunday Times lilichapisha maelezo ya askari wenzao: habari hiyo ilikuwa imezungumzwa kambini kwa miaka. Septemba 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikatoa hati ya kumkamata mtuhumiwa, na Novemba akakamatwa Uingereza. Anakana, na hadi mahakama iseme, ana haki ya kuhesabiwa hana hatia.

Miaka kumi na mitatu! Katika muda huo mtoto mchanga amekua akawa msichana. Kilichochelewesha haki si ukosefu wa utaalamu peke yake. Wapo walioona, wapo walioambiwa, wakanyamaza.

Sasa turudi kwetu Igunga. Ng'ombe akiibwa usiku, mwano hupigwa, na kila mwanamume hutoka na silaha yake. Sungusungu, walioanza maeneo yetu ya Unyamwezi na Usukuma miaka ya 1980, hufuata nyayo kijiji hadi kijiji, hata kuvuka mbuga ya Wembere; na kijiji ambamo nyayo zimepotelea hutakiwa kujieleza. Ndiyo Torati ileile ya kupima umbali! Je, binti akikutwa ameuawa, nani hufuata nyayo? Mara nyingi twauliza kwanza alikuwa anatoka wapi usiku, alivaa nini, alikuwa na nani. Maswali hayo hayamtafuti muuaji, yanamtafutia sababu. Kisha wazee wa pande mbili huketi, ng'ombe kadhaa hutolewa, na huambiwa kwamba mambo yamekwisha kifamilia. Nasema wazi: uhai wa mtu haulipwi kwa mifugo, na hakuna mzazi mwenye mamlaka ya kuuza damu ya mwanawe.

Tena, kesi isiyotatuliwa huzaa nyingine. Polisi wasipoleta jibu, watu huenda kwa mganga kupiga ramli. Naye humtaja bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye macho yake yamewekwa mekundu na moshi wa jiko tu. Hivyo kaburi la binti huchimbiwa jirani.

Ndugu zangu, jinai ya mauaji haizeeki. Sheria yetu ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inampa hakimu uwezo wa kuchunguza kifo chenye utata. Familia na iuombe uchunguzi huo bila hofu. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba, lakini haiwezi kupima kilichokanyagwa na umati au kuoshwa kwa haraka. Maiti ikikutwa, isiguswe. Walinzi wawekwe, polisi waitwe. Nao polisi wakumbuke kwamba mama anayekuja kuuliza jalada la mwanawe kwa mara ya kumi si msumbufu. Ni yule mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, na Bwana alikuwa upande wake.

Wengine husema: nitamwambia Padre katika kitubio, yatosha. Siri ya kitubio padre hawezi kuivunja kamwe. Kwa sababu hiyohiyo, kunong'ona nami hakuchukui nafasi ya ushahidi wako. Aliyeona na akaseme panapohusika.

Kanisa limelitaja altareni jina la Agnes, msichana shahidi wa Roma, kwa karne nyingi, nasi twaliadhimisha tarehe 21 Januari. Mabinti waliouawa katika vijiji vyetu nao wana majina. Leteni majina hayo kwenye nia za Misa, nitayasoma kwa sauti. Na anayejua jambo, ayasikie.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu